Siku za kungoja bandarini zipangwe kabla ya kung'oa nanga

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapisha kuhusu safari za mashua kandokando ya pwani ina mengi ya kufaa, hasa pale inapowahimiza watu wasafiri mchana na walale penye kinga. Ila kuna shauri moja ambalo haliwezi kuachwa lipite hivi hivi. Mwandishi anasema dhoruba ikiwashika wasafiri bandarini, siku hizo zimepotea, na wazifidie baadaye kwa kuunganisha masafa ya siku mbili kuwa moja. Hapana. Anayefidia siku hutoka kabla bahari haijatulia, na hufika kituo kinachofuata usiku, tena akiwa hoi. Kungoja ni sehemu ya safari sawasawa na kutweka tanga. Kuna kazi zake, na kukipangwa vizuri ndiko kunakompa msafiri nafasi ya kuijua nchi aliyoifikia.

Mpango huo huanza nyumbani, juu ya ramani. Mwenye siku 10 asipange vituo 10. Apange 6 au 7, na siku zilizobaki aziache wazi. Zisipoliwa na hali ya hewa zitatumika kwa matembezi, kwa hiyo hakuna hasara. Tiketi ya ndege au ya basi isikatwe kwa siku inayofuata ile ya kufika, maana tiketi hiyo ndiyo itakayoshika usukani badala ya nahodha. Na mgeni anayetaka kuwafuata njiani aambiwe tangu mwanzo: achague siku, au achague bandari. Akiahidiwa vyote viwili, chombo kitatoka hata pale ambapo hakikupaswa kutoka.

Kisha kila bandari iliyo njiani iulizwe swali moja: inaingilika wakati gani? Ziko zinazoingilika saa yoyote na kwa upepo wowote, na hizo ndizo makimbilio ya kweli. Ziko zenye fungu la mchanga mlangoni, maji yakipwa hazipitiki. Na ziko ghuba nzuri mno kwa picha lakini zimekaa wazi upande mmoja. Upepo ukigeuka ukaingia kwa upande huo, mahali pa kujificha pamekuwa mtego: nchi iko nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, na kila wimbi linakisukuma chombo kuiendea. Ghuba ya namna hiyo ni ya kupumzika mchana mmoja wa shwari, si ya kungojea dhoruba.

Utabiri wa hali ya hewa nao una tarakimu ambazo wengi huzisoma vibaya. Kasi ya upepo inayotajwa ni wastani. Mapigo yake ya ghafla yanaweza kuzidi wastani huo kwa asilimia 40. Kimo cha mawimbi ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, kwa hiyo ukisikia mita 2, tarajia kukutana na wimbi moja moja linalokaribia mita 4. Tena nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Upepo wa kilomita 60 kwa saa hausukumi mara mbili ya ule wa kilomita 30. Unasukuma mara nne. Ndiyo maana nanga iliyoshika barabara jana jioni yaweza kung'oka leo bila mtu kugusa chochote.

Kwa kipimo cha upepo alichokibuni Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1805, daraja la 4 ni upepo wa kilomita 20 hadi 28 kwa saa, na povu jeupe huonekana mara kwa mara juu ya mawimbi. Daraja la 5, kilomita 29 hadi 38, povu limeenea kila upande. Daraja la 6, kilomita 39 hadi 49, mawimbi makubwa yanaanza kujengeka na maji yanarushwa hewani. Kwa mashua ndogo yenye abiria wasiozoea, daraja la 5 likiwa usoni ni kikomo. La 6 ni la kukaa bandarini, hata kama mashua yenyewe ingelihimili, kwa sababu watu huchoka kabla ya mbao.

Barometa, kifaa cha kupimia mgandamizo wa hewa, ina siri yake katika nchi za joto. Mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku hata kukiwa shwari kabisa: hufika juu mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, hushuka mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na tofauti ni kama milibari 3. Asiyejua huona sindano ikishuka mchana akashtuka bure. Mwingine huzoea kushuka huko, kisha siku inaposhuka kweli hashtuki. Dawa ni kuandika kipimo kwenye daftari na kulinganisha saa ya leo na saa ileile ya jana na juzi. Kikiwa chini ya kawaida ya saa hiyo kwa milibari 3, kuwa na shaka. Kikiwa chini kwa 5, hesabu kwamba dhoruba ya kitropiki iko njiani. Mbali na nchi za joto mchezo huo wa kila siku ni mdogo mno, na huko kinachotazamwa ni mwendo wa sindano: kushuka zaidi ya milibari 6 ndani ya saa 3 ni dalili ya upepo mkali ulio karibu. Ipo pia kanuni ya mwaka 1857 ya Buys Ballot, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uholanzi. Ukiupa upepo mgongo ukiwa kaskazini mwa ikweta, kitovu cha mgandamizo mdogo, yaani cha dhoruba, kiko kushoto kwako. Kusini mwa ikweta kiko kulia. Karibu kabisa na ikweta kanuni hiyo haifai.

Maonyo ya dhoruba yenyewe yana historia ya uchungu. Oktoba 1859 meli Royal Charter ilivunjika kwenye miamba ya Anglesey, Wales, na zaidi ya watu 400 wakafa. Mwaka 1861 Robert FitzRoy, mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza aliyewahi kuwa nahodha wa meli Beagle, alianza kupeleka maonyo bandarini kwa telegrafu, na bandari zikawa zinapandisha koni na mapipa ya turubai mlingotini ili vyombo vivione kwa mbali. Onyo la namna hiyo humsaidia tu yule mwenye nafasi ya kubaki alipo. Aliyejibana kwa ratiba hulisoma kama kila mtu, kisha hutoka.

Halafu kuna mawimbi yanayotoka mbali, yale mapana yasiyo na povu. Upepo unaweza kutulia asubuhi, na mlango wa bandari ukawa bado haupitiki hadi kesho yake. Shika saa, hesabu sekunde kati ya kilele cha wimbi na kilele kinachofuata, zidisha kwa 1.5, jibu ni kasi, kwa maili za bahari kwa saa, ambayo kundi la mawimbi hayo linasafiri kwenye maji ya kina kirefu. Sekunde 12 ni maili 18 kwa saa, yaani karibu kilomita 800 kwa siku. Dhoruba ambayo hutaiona kamwe inaweza kukufikia kwa njia hiyo, mbingu ikiwa nyeupe. Wimbi huvunjika linapofika kwenye kina cha kama mara 1.3 ya kimo chake, hivyo wimbi la mita 2 huvunjika penye mita 2.6, na penye fungu mlangoni kina hicho ni cha kawaida. Maji yakiwa yanatoka, yanagongana na mawimbi yanayoingia na kuyasimamisha wima. Wakati wa kuvuka ni mwisho wa maji kujaa. Na anayeingia kutoka baharini akumbuke kwamba kutoka nje unaona migongo tu ya mawimbi, laini na myeupe kidogo. Unagundua kwamba yanavunjika ukiwa tayari umo ndani yake.

Sasa nanga, maana hakuna matembezi ya nchi kavu bila nanga ya kuaminika. Mchanga uliogandamana, tope zito na udongo wa mfinyanzi hushika vizuri. Majani ya bahari yaliyosongamana huizuia nanga isifike chini, ikalala juu yake kama inayoshika. Mwamba hushika kwa bahati, na mara nyingine hukataa kuiachia. Penye matumbawe pasitiwe nanga kabisa: mnyororo huyasaga, na upepo ukigeuka hujizungusha kwenye vichwa vyake mpaka unabaki mfupi kama kamba ya mbuzi. Bildi ya zamani, ile timazi ya risasi ya kupimia kina, yenye shimo chini linalojazwa mafuta mazito, bado haijapitwa na mashine, kwa kuwa inapanda na punje za sakafu yenyewe na unaona kwa macho uko juu ya nini.

Hesabu ya urefu wa mnyororo ndipo wengi wanapokosea. Tuseme bildi imeonyesha mita 4 maji yakiwa yamepwa. Mwenye haraka huzidisha 4 kwa 5, kipimo cha kawaida cha mnyororo, akatoa mita 20. Lakini maji yatajaa kwa mita 3, na omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, iko mita 1 juu ya maji. Kina halisi cha kuhesabia ni 4 na 3 na 1, yaani 8. Mara 5 ni mita 40 za mnyororo. Kama ni kamba yenye kipande kifupi cha mnyororo, mara 7, yaani mita 56. Yule aliyetoa 20, maji yakijaa usiku ana uwiano wa 2.5 kwa 1, mvuto unaielekea nanga kwa juu badala ya kuilaza, na inang'oka saa ambayo wote wamelala. Ukitazamia dhoruba, ongeza mpaka mara 7 au zaidi hata kwa mnyororo mtupu. Mnyororo uliobaki ndani ya sanduku haufanyi kazi yoyote.

Ila ukitoa mnyororo mwingi, unahitaji nafasi kubwa. Chombo cha mita 10 kilicho kwenye mita 40 za mnyororo kinachora duara lenye nusu kipenyo cha kama mita 50. Upepo ukigeuka kabisa, mtajikuta karibu mita 100 kutoka mlipokuwa. Pima kina cha duara lote, si cha mahali mlipo sasa tu, na kipime ukikumbuka maji ya kupwa, msije mkapwelewa juu ya fungu.

Kutia nanga kunahitaji subira. Elekeza omo kwenye upepo, simama kabisa, teremsha nanga hadi iguse chini, kisha acha chombo kirudi nyuma taratibu huku mnyororo ukitolewa kidogo kidogo. Ukimwagwa wote kwa mpigo, hulundikana juu ya nanga na kuifunga. Ukishatoa urefu wote, ngoja dakika chache, halafu rudisha injini nyuma, kwanza kwa nguvu ndogo, mwisho kwa nguvu ya kutosha. Weka kiganja juu ya mnyororo mbele ya omo. Ukiwa umekazana na kutulia, nanga imezama. Ukisikia mtetemo na miguno inayopanda mkononi, inakokota: ipandishe, safisha majani, anza upya. Baada ya hapo tafuta upande wa kulia au wa kushoto vitu viwili vilivyopangana nchi kavu, mti mmoja na pembe ya jumba nyuma yake, au jiwe na kilele cha kilima. Vikiachana na kutorudi kupangana, mmesogea. Alama hizo hutoa jibu papo hapo na hazitumii betri. Kengele ya nanga kwenye simu ni nzuri kwa usiku, mradi duara lake liwe pana kuliko duara la kuzunguka kwa chombo, la sivyo italia bure mpaka mtu achoke aizime.

Mnyororo haunyumbuki. Wimbi linapoinyanyua omo ghafla, pigo lote linafika kwenye nanga na kwenye sitaha. Kwa hiyo funga chomboni kamba ya nailoni ya mita 5 hadi 10, ndoano yake ikishika mnyororo, na mnyororo wenyewe uachwe ulegee kidogo ili kamba ndiyo ibebe uzito. Mahali kamba inapopita ukingoni izungushiwe kipande cha mpira wa bomba au turubai, na kila baada ya saa chache isogezwe kidogo ili isisuguliwe mahali pamoja. Kamba nzima kwa macho yaweza kuwa imeungua ndani kwa msuguano. Pini za pingu zote, yaani vyuma vinavyounganisha nanga na mnyororo, zifungwe kwa waya. Na ncha ya mwisho ya mnyororo ifungwe chomboni kwa kamba ndefu kiasi cha kufika juu ya sitaha, ili siku ya hatari ikatwe kwa kisu mara moja. Usiku iwashwe taa nyeupe inayoonekana pande zote, mchana litundikwe tufe jeusi mbele. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 ndivyo zinavyotaka.

Mchana mrefu wa mvua ndani ya chombo una hatari zake. Milango ikifungwa na jiko la mkaa au jenereta likawashwa ndani au karibu na dirisha, hewa ya sumu inayotoka humo haionekani wala hainuki, na watu hulala wasiamke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka ngamani, chini kabisa ya chombo, na kungoja cheche. Funga mtungi kila baada ya kupika, na acha tundu wazi hata kama mvua inaingia kidogo. Kama mawimbi ya mbali yanapinda rasi na kukitikisa chombo ubavuni, nanga ya pili kutoka tezi inaweza kuigeuza omo iyakabili. Ipandisheni mapema upepo ukianza kukaza, kwa kuwa upepo wa ubavuni dhidi ya nanga mbili huzing'oa zote.

Ndipo tunafika kwenye kushuka. Chombo kisiachwe peke yake mpaka nanga imepita mabadiliko kamili ya maji, kujaa na kupwa, na kupigwa na mapigo kadhaa ya upepo. Hata hapo, hali ikiwa bado mbaya, abaki mtu. Asiwe mtoto au mgeni aliyechoka kutembea. Awe anayeweza kuwasha injini, kuongeza mnyororo na kupandisha nanga bila msaada. Watembeaji wagawane zamu, asubuhi kundi moja, alasiri jingine. Redio za mkononi ziwe mbili, moja chomboni na moja nchi kavu, kwenye chaneli mliyokubaliana, huku chaneli 16 ikiachwa kwa wito na dharura. Redio hizo husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukipita nyuma ya kilima, hamsikilizani tena, kwa hiyo pangeni saa maalumu za kusimama mahali pa wazi na kuita.

Kihori cha kushukia, yaani chombo kidogo cha kuwapeleka watu ufukoni, kinastahili hofu zaidi kuliko dhoruba yenyewe, kwa sababu watu hukidharau. Kila mtu avae jaketi okozi, hata kama ni mita 100. Watu sita kwenye kihori cha wanne waende safari mbili. Makasia yawemo hata kama kuna injini, pamoja na kopo la kutolea maji yaliyoingia, nanga ndogo yenye kamba, na tochi hata mkitoka asubuhi. Kamba ya kuzimia injini ifungwe gotini kwa anayeendesha. Hatari kubwa ni upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini: maji karibu na ufuko yanaonekana laini kama kioo, injini ikizima mnapelekwa nje, na kadiri mnavyokwenda ndivyo mawimbi yanavyokua. Wakati wa upepo kama huo, mtu asishuke bila mwenzake wa chomboni kujua. Mkifika ufukoni, kibebeni kihori juu ya mstari wa mwani mkavu na mkifunge kwenye kitu imara. Kwenye gati, acheni kamba ya kutosha kwa maji kushuka. Kamba fupi hukiacha kihori kikining'inia kwa pua, na kihori kilichoingia chini ya gati hubanwa na mbao maji yanapojaa.

Matembezi ya kwanza yawe ya kupanda. Kilima, mnara wa taa, ukuta wa ngome, popote palipo juu kuliko pengine. Ukisimama ufukoni, macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wako wa bahari ni kama kilomita 5. Ukipanda hadi mita 50, ni kama kilomita 25. Kutoka huko unaona yale ambayo bandari iliyokingwa inakuficha: kama povu limeenea nje ya rasi, kama mistari ya mawimbi mapana inaingia kwa pembe gani, kama mlango unavunja, yaani mawimbi yanavunjika humo, mfululizo au kwa vipindi. Kaa hapo nusu saa, si dakika tano, kwa kuwa mawimbi makubwa huja kwa makundi na ukimya kati ya makundi hudanganya. Mnara wa taa ni mahali pa kustahili ziara kwa sababu hiyo hiyo: aliyeujenga alitafuta sehemu inayoonekana kutoka baharini, nayo ndiyo sehemu ambayo bahari inaonekana. Mnara wa Hercules wa A Coruña, Hispania, ulijengwa na Warumi na mpaka leo unaongoza vyombo. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2009. Kuutazama mnara kama ule ni kuona pia jinsi mabaharia wa kale walivyoichagua pwani.

Mji wa bandari usomwe kwa jicho la chombo. Ukuta wa kukinga mawimbi umejengwa kuelekea upande ambao dhoruba hutokea, na mawe makubwa zaidi yamewekwa pale inapopiga kwa nguvu. Angalia pia mahali mawe yamehama au yametobolewa. Miti iliyo rasini imeinamia upande mmoja, na ndio upande ambao upepo wa mara kwa mara unaelekea. Mstari wa mwani mkavu, vijiti na makopo juu ufukoni unaonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Ukikuta mistari miwili, wa juu ni wa dhoruba au wa bamvua (kujaa kukubwa kwa maji), wa chini ni wa jana. Wavuvi wamevuta vyombo vyao juu mpaka wapi? Kama vyote viko nyuma ya nyumba na wewe umeacha kihori kwenye mchanga, wao wana habari ambayo wewe hujaipata. Waulize swali dogo lenye jibu la kweli: upepo huu ukigeuka, huwa unageukia wapi, na chombo gani huhamishwa kwanza?

Matembezi ya chini, ya mapango, madimbwi ya miamba na fukwe zilizo nyuma ya rasi, yanaongozwa na maji, wala si na saa ya mkononi. Penye maji kujaa mara mbili kwa siku, gawanya kimo cha kujaa katika sehemu 12: saa ya kwanza huja sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama maji yanapanda mita 3, saa ya kwanza ni sentimita 25 tu, na mtu hudhani ana muda mwingi; saa ya tatu na ya nne ni sentimita 75 kila moja, na njia aliyoijia chini ya jabali imekwisha. Ondoka maji yanapopwa, geuka kurudi kabla hayajafika mwisho wa kupwa. Kesho yake saa hizo zitachelewa kwa kama dakika 50. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hapo maji hupwa mbali na kukuonyesha mengi, kisha hurudi kwa haraka zaidi. Na wakati dhoruba iko nje, usisimame kwenye miamba ya joshi, upande upepo unakotoka, kupiga picha. Wimbi moja kubwa likifika, halina onyo.

Asubuhi ndiyo saa nzuri ya kushuka karibu kila mahali. Jua likishachoma nchi, upepo wa baharini huamka na kukaza alasiri, na kihori kinarudi kwenye mawimbi mafupi ya kuchosha. Mvua ya radi ikijikusanya juu ya nchi kavu, rudini kabla, maana upepo baridi unaoitangulia hufika ghafla na kutoka upande msioutazamia.

Waliovuka mpaka wa nchi wana sharti la ziada. Kukimbilia ghuba kwa sababu ya dhoruba kunakubalika, lakini kutembea mjini kabla ya kujiandikisha kwa uhamiaji na forodha ni kosa katika nchi nyingi. Pandisheni bendera ya njano, ile ya herufi Q, ambayo maana yake ni kwamba chombo kina afya na kinaomba ruhusa ya kuingia. Iteni bandari kwa redio mueleze sababu. Nahodha peke yake ndiye ashuke na karatasi; wengine wangoje.

Kuhusu kutoka, masharti yaandikwe siku ya kuingia, kabla hamu haijaanza kushauri: upepo daraja la 4 au chini yake katika utabiri mara mbili mfululizo, mlango usiovunja kwa nusu saa nzima ukitazamwa kutoka juu, maji ya kujaa yanayoangukia asubuhi, na kimbilio kimoja njiani. Likikosekana moja, mnabaki. Kabla ya kung'oa nanga badilisheni kichujio cha mafuta au angalau mtoe maji yaliyojikusanya chini yake, kwani kutikisika siku kadhaa huamsha uchafu wa tangini, na injini huzimika mlangoni, mahali pabaya kuliko pote. Punguzeni tanga mkiwa bado mmetulia. Mtu mmoja asimame omoni siku ya kwanza yote kutazama magogo, nyavu na kamba zilizobebwa na mafuriko.

Ombi kwenu, Mhariri, ni dogo. Makala zijazo za safari za pwani, zinapotaja ghuba au bandari ya kulala, ziandike pia mambo manne kando ya jina: kina maji yakipwa, aina ya sakafu, upepo unaoingia, na hali ya mlango maji yakitoka. Nafasi yake ni mstari mmoja, na msomaji aliyeshikwa na dhoruba ataanza kuutafuta huo kabla ya kutazama picha.

Wako,
Msomaji na baharia wa mashua ndogo